UCHAMBUZI: Umeme unapopotea, kurunzi sahili ndiyo ya kutegemewa

USIKU wa Ijumaa, Agosti 25, 2023, giza lilitanda katika sehemu kubwa ya nchi bila kubagua. Mkazi wa Muthaiga na mwenzake wa Kibera, mgonjwa aliyelazwa wodini na msafiri aliyekuwa akingojea ndege katika Uwanja wa Kimataifa wa Jomo Kenyatta (JKIA), wote walipotelewa na umeme kwa mkupuo mmoja. Katika uwanja huo, jenereta iliyofaa kuchukua nafasi ya umeme wa gridi ilikataa kuwaka, abiria wakakaa gizani kwa saa kadhaa, na Waziri wa Uchukuzi wa wakati huo, Bw Kipchumba Murkomen, akalazimika kuomba radhi. Mkuu wa Halmashauri ya Viwanja vya Ndege (KAA) alipoteza kazi siku chache baadaye.

Wengi walidhani funzo limepatikana. Novemba na Desemba mwaka huo huo, umeme ukapotea tena kote nchini. Mwaka 2024 nao ukawa na visa vyake, Mei na Septemba. Kabla ya hapo, Januari 2022, minara ya njia kuu ya Kiambere-Embakasi ilianguka na nchi ikazimika. Nako kule Gitaru, Juni 2016, tumbili mmoja aliparamia paa la kituo cha kuzalisha umeme, akaangukia transfoma, na zaidi ya megawati 180 zikatoweka. Tumbili huyo alinusurika, akakabidhiwa Shirika la Huduma kwa Wanyamapori (KWS). Wenye biashara za friji hawakuwa na bahati kama yake.

Kila mara jambo hili likitokea, mjadala huelekea panapotarajiwa: uchakavu wa mitambo, wizi wa vyuma vya minara, lawama baina ya Kenya Power na wazalishaji wa kawi. Baada ya giza la Agosti 2023, kampuni ya umeme wa upepo ya Ziwa Turkana ilijitokeza kukana kwamba ndiyo iliyosababisha hitilafu. Huo ni mjadala unaostahili kuendelea, na wenye dhamana hawafai kupumzishwa. Hata hivyo, aliye gizani hana muda wa kungojea ripoti ya jopo. Anapapasa ukuta akitafuta kitu cha kumulika. Anachokipata mkononi ni suala ambalo wachanganuzi wa sera za kawi hulipuuza, pengine kwa sababu bei yake ni ndogo mno kuweza kujadiliwa katika kongamano la hoteli kubwa.

Kitu hicho ni kurunzi, au tochi kama wengi wanavyoiita.

Yeyote anayedhani kwamba hili ni jambo la wachache na akumbuke takwimu za sensa ya 2019. Asilimia 50.4 pekee ya familia nchini zilitegemea umeme wa gridi kwa mwanga, na asilimia 19.3 zilitumia sola. Zilizosalia ziligawanyika baina ya koroboi, kandili, mishumaa, kuni na kadhalika. Katika orodha hiyo ya maafisa wa sensa, kurunzi ya mawe na ile ya kuchajiwa kwa sola zilipewa nafasi zake, kwa maana kwamba zipo nyumba ambazo kurunzi ndiyo taa yenyewe. Uunganishaji umeme umepiga hatua tangu wakati huo, lakini kuunganishiwa nguzo ni jambo moja, na nguzo hiyo kuwa na umeme saa mbili usiku ni jambo jingine.

Hatari za giza zinajulikana. Katika maeneo ya Baringo, Kitui, Kilifi na Pokot Magharibi, ambako visa vya watu kuumwa na nyoka ni vingi, moma hulala tuli kando ya kijia na hatoroki asikiapo hatua za mtu. Shirika la Afya Duniani (WHO), ambalo mwaka 2017 liliorodhesha sumu ya nyoka miongoni mwa magonjwa ya kitropiki yaliyopuuzwa, linakadiria kwamba kati ya watu 81,000 na 138,000 hufariki kila mwaka duniani kutokana na kuumwa na nyoka. Miongoni mwa kinga zinazopendekezwa, mbili ni za gharama ndogo kabisa: viatu miguuni na mwanga mkononi. Mwanamke anayetoka nje kwenda msalani katika mtaa usio na taa za barabarani anaijua hatari nyingine, isiyo na meno ya sumu lakini iliyo mbaya vilevile.

Sasa na atazamwe mnunuzi aliyeamua kujikinga. Anaingia katika barabara ya Luthuli jijini Nairobi, au soko la Kongowea mjini Mombasa, na kukuta kurunzi zimerundikwa kama viazi. Boksi moja limeandikwa lumeni 20,000, la pili lumeni 100,000. Jingine lina picha ya mwale unaofika mlimani. Lumeni ni kipimo cha wingi wa mwanga unaotoka kwenye taa. Mshumaa mmoja hutoa takriban lumeni 12, na ile balbu ya zamani ya wati 60 iliyoning'inia sebuleni ilitoa takriban 800. Kwa hesabu hiyo, kurunzi ya lumeni 100,000 ingekuwa sawa na balbu 125 za sebuleni zikiwaka kwa pamoja ndani ya kiganja cha mtu. Ingemchoma mkono kabla hajamulika mlango.

Udanganyifu wa aina hii haukosi dawa kwa upande wa sayansi. Tangu mwaka 2009 kumekuwepo kiwango cha Marekani, kiitwacho ANSI FL1, kinachoeleza jinsi ya kupima mwanga wa kurunzi, umbali wa mwale wake, muda wa kuwaka, uwezo wa kustahimili kuanguka na uwezo wa kuzuia maji. Kampuni zinazojiheshimu huchapisha vipimo hivyo kwenye boksi kwa alama ndogo. Kurunzi nyingi za vibandani hazina hata kimoja. Fauka ya hayo, hata kiwango chenyewe kina tundu ambalo mnunuzi anafaa kulijua: muda wa kuwaka huhesabiwa hadi mwanga uporomoke na kufikia asilimia 10 ya ule wa mwanzo. Kurunzi iliyoandikwa kwamba huwaka saa 20 huenda ikawa na nguvu kwa saa mbili za kwanza, kisha ikamalizia saa 18 kwa mwanga wa kimulimuli, na bado mwuzaji hajasema uongo.

Betri nazo zina hadithi yake. Betri za lithiamu zenye umbo la bomba, zinazoitwa 18650 kwa kuwa upana wake ni milimita 18 na urefu milimita 65, huuzwa zikiwa zimechapishwa 9900 mAh, kipimo cha chaji zinazoweza kuhifadhi. Hata watengenezaji bora zaidi duniani hawajakaribia kiasi hicho katika umbo hilo. Anayenunua betri ya 9900 kwa bei ya soda mbili anafaa ajiulize ni kiwanda gani kilichowashinda Wajapani na Wakorea kisha kikaamua kuuza siri hiyo kando ya barabara.

Katika vurugu hizi zote, kurunzi inayomfaa mwananchi wa kawaida ndiyo ile ambayo wauzaji huiweka nyuma ya meza kwa sababu haina mbwembwe: yenye swichi moja na mwanga wa aina moja. Ukibonyeza inawaka, ukibonyeza tena inazima. Haina mwanga mkali na hafifu wa kuchaguliwa, haina mwanga wa kupepesa, haina ishara ya kuomba msaada baharini, haina taa nyekundu ubavuni wala redio tumboni.

Ubora wa usahili huu hudhihirika pale mtu anapokuwa na hofu. Mfugaji anayesikia mbuzi wakilia zizini saa nane usiku huchomoka kitandani akiwa nusu usingizini. Akiwa na kurunzi ya mianga mitano, kubonyeza kwa kwanza humpa mwanga mkali. Kidole kikiteleza, kubonyeza kwa pili humpa mwanga hafifu, na kwa tatu kurunzi huanza kupepesa kama taa za disko, huku yeye akishindwa kutambua kama kilicho mbele yake ni fisi au ni gunia. Ili kuizima hulazimika kuipitisha katika hali zote. Bibi wa miaka 75 aliyenunuliwa zawadi hiyo na mjukuu wake kutoka jijini huiweka kabatini na kurudia koroboi, na hakuna wa kumlaumu.

Zipo pia sababu za kiufundi. Mianga mingi huhitaji saketi ndogo ya kuiongoza, na katika bidhaa za bei ya chini saketi hiyo ni mojawapo ya vitu vinavyoharibika mapema. Swichi za kielektroniki, zile za kugusa kwa wepesi, huendelea kunyonya chaji kidogo hata kurunzi ikiwa imezimwa, kwa kuwa sharti saketi ikae macho ikingojea kidole. Swichi ya kusukuma au ya kubonyeza hadi ilie hukata njia ya umeme kabisa. Kurunzi yenye swichi hiyo ikikaa miezi mitatu bila kutumika, chaji yake haitakuwa imeliwa na swichi.

Swali la wengi ni kama mwanga mmoja utatosha. Kwenda msalani, kuhesabu chenji, kutazama tundu la kufuli au kuongoza hatua katika kijia cha shambani huhitaji kati ya lumeni 20 na 100. Mwanga unaozidi hapo ukipigwa ndani ya chumba kidogo chenye kuta nyeupe humpofusha anayeushika. Mlinzi wa lango kubwa au askari wa wanyamapori ana mahitaji tofauti, na anastahili kununuliwa kifaa tofauti na mwajiri wake. Mwenye nyumba hahitaji. Kwa makadirio ya kawaida, betri mbili nzuri za alkalini za ukubwa wa AA, zile za saa ya ukutani, zinaweza kuwasha taa ya LED ya nusu wati, yenye takriban lumeni 50, kwa karibu saa kumi. Hizo ni jioni nyingi za umeme kukatika.

Wakenya waliozaliwa kabla ya miaka ya tisini hawahitaji kufunzwa habari za usahili. Kurunzi ya bati yenye mawe mawili au matatu makubwa ilikuwa mali ya familia, ikikaa chini ya mto wa baba. Ilikuwa na kitufe cha kusukuma kwa kidole gumba, na katika kifuniko cha nyuma cha baadhi yazo mlihifadhiwa balbu ya akiba. Mawe yakichoka, mwanga uligeuka manjano, kisha wekundu, na mwenyewe akapata siku kadhaa za kutafuta hela za mengine. Mawe yaliyolegea yalianikwa juani ili yapate nguvu ya kumalizia juma.

Mengi ya mawe hayo yalitoka Nakuru. Kampuni ya Eveready ilianza shughuli zake nchini mwaka 1967, na tangazo lake la "Paka Power" likawa maarufu kiasi kwamba watoto waliliimba. Mwaka 2006 hisa zake ziliuzwa kwa umma katika Soko la Hisa la Nairobi. Miaka minane baadaye, 2014, kiwanda cha Nakuru kikafungwa, huku kampuni ikilalamikia bidhaa za bei rahisi kutoka nje, na wafanyakazi wakarudi nyumbani. Tangu hapo nchi yenye mamilioni ya kurunzi imekuwa ikiagiza mawe kutoka ng'ambo na kuyauza yenyewe.

Kufungwa kwa kiwanda hicho kuliendana na mapinduzi ya aina yake. Balbu ya waya iligeuza sehemu kubwa ya nguvu ya mawe kuwa joto. Taa za LED, ambazo mwanga wake mweupe uliwezekana baada ya kubuniwa kwa LED ya buluu, zilipunguza sana matumizi hayo. Wavumbuzi wa LED ya buluu, Isamu Akasaki, Hiroshi Amano na Shuji Nakamura, walituzwa Nobel ya Fizikia mwaka 2014, mwaka ule ule Nakuru iliponyamaza. Kwa mnunuzi wa kijijini, hii ilipaswa kuwa habari njema isiyo na doa: mwanga mwingi kwa mawe machache.

Doa lilionekana mapema. Mwishoni mwa miaka ya 2000, watafiti kutoka Marekani, miongoni mwao Evan Mills wa maabara ya Lawrence Berkeley na Arne Jacobson wa Chuo Kikuu cha Humboldt, walifuatilia soko la kurunzi za LED katika miji midogo ya Kenya. Walikuta kwamba kwa muda wa miaka michache tu kurunzi hizo zilikuwa zimezifukuza za balbu ya waya, na kwamba wanunuzi wengi walilalamika kuwa ziliharibika mapema. Hofu ya watafiti hao haikuishia kwa hasara ya mnunuzi mmoja mmoja. Waliona kwamba aliyechomwa na LED mbovu mara mbili hukata kauli kuwa LED zote ni takataka, akarejelea mafuta ya taa, na kwa njia hiyo bidhaa mbaya ikaifukuza bidhaa nzuri ambayo haijafika.

Mafuta ya taa yenyewe hayakubaki rahisi. Mwaka 2018 serikali iliyaongezea ada ya Sh18 kwa lita ili kuzuia wafanyabiashara walaghai kuyachanganya na dizeli. Lengo lilikuwa kulinda injini za magari, na mwenye koroboi akajikuta akilipia makosa ya mwenye lori. Mtu huyo alisukumwa kuelekea kurunzi bila kuhakikishiwa kwamba kurunzi anayoikimbilia itadumu hadi Krismasi.

Wapo watakaosema kwamba mjadala wote huu umepitwa na wakati, kwani kila mtu ana simu. Hoja hiyo ina uzito. Nokia 1100, iliyozinduliwa 2003 ikiwa na kurunzi kichwani, iliuzwa zaidi ya mara milioni 250 duniani, na simu ndogo za jamii yake zikapewa jina la "mulika mwizi" katika Afrika Mashariki. Jina hilo peke yake linaeleza watu walikuwa wakinunua nini. Lakini tangu M-Pesa ije mwaka 2007, simu imegeuka kuwa pochi, na wakati umeme umepotea kwa saa 12 chaji yake ni akiba ya kumpigia daktari, kumlipa mwendeshaji bodaboda na kuwajulisha jamaa. Kuichoma chaji hiyo kwa kumulika sufuria ni sawa na kupikia kuni za mlango. Isitoshe, anayetembea katika mtaa wenye giza huku ameinua simu ya Sh20,000 kama mwenge huwa amemwonyesha kibaka mahali hasa pa kunyoosha mkono.

Kuhusu chanzo cha nguvu, uamuzi hutegemea mahali. Kwa mkazi wa mji ambako umeme hurudi baada ya saa chache, kurunzi ya kuchajiwa yenye betri ya lithiamu ni chaguo la busara, almuradi ikumbukwe kuchajiwa. Tatizo ni kwamba hukumbukwa siku giza likishaingia. Zile kubwa za plastiki zinazochomekwa ukutani kwa vyuma viwili aghalabu huwa na betri ya asidi na risasi, jamaa mdogo wa betri ya gari. Betri hiyo haipendi kuachwa tupu. Ikikaa miezi kadhaa bila chaji, vibao vyake huota chumvi ngumu na haipokei tena, na mwenyewe hudhani aliuziwa mbovu. Kwa anayeishi mbali na nguzo, mawe ya AA au yale makubwa ya D bado hayana mpinzani, kwa sababu moja isiyo ya kiteknolojia: yanapatikana katika kila duka lililo na chumvi na kiberiti. Kurunzi inayohitaji betri ya umbo la kipekee ni mapambo mara tu betri hiyo ikifa.

Bei nayo hupotosha. Chukua mfano wa kurunzi ya Sh150 inayodumu miezi mitatu. Kwa mwaka mnunuzi atakuwa amenunua nne na kutumia Sh600. Akinunua ya Sh500 ikadumu miaka miwili, mwanga umemgharimu Sh250 kwa mwaka. Hesabu hii si ngeni kwa maskini, kinyume na wanavyodhani wahubiri wa kuweka akiba. Anaijua. Kinachomkosesha ni kwamba hana Sh500 kwa siku moja, na hata akiwa nazo hana hakika kwamba ile ya Sh500 haikutoka katika kontena lile lile la ile ya Sh150.

Hakika hiyo inaweza kutafutwa kidogo hapo hapo dukani. Mawe yatiwe na swichi ibonyezwe mara 20 mfululizo; ikikosa kuwaka hata mara moja, irudishwe. Itikiswe ikiwa inawaka, kwani mwanga unaochezacheza huonyesha kwamba springi au mguso wa ndani umelegea, na hilo halijirekebishi. Kifuniko kifunguliwe kuona kama kina mpira wa kuzuia maji na kama mikunjo ya skrubu yake inashika bila kukwaruza. Mwanga upigwe kwenye kiganja: ukiwa wa buluu kupindukia, rangi za vitu hazitatambulika sawasawa, na damu kwenye kidonda itaonekana kama tope. Kuiangusha sakafuni ndilo jaribio bora kuliko yote, ila bado hajazaliwa mwuzaji wa Luthuli atakayeliruhusu.

Kisha kuna alama ya ubora ya Shirika la Kukadiria Ubora wa Bidhaa (KEBS), ambayo mnunuzi anaweza kuithibitisha kwa kutuma nambari ya kibali kwa ujumbe mfupi hadi 20023. Tangu mwaka 2005 shirika hilo limekuwa na utaratibu wa kukagua bidhaa zingali katika nchi zinakotoka kabla ya kupakiwa. Maadamu utaratibu upo, boksi la lumeni 100,000 lilipitaje? Lilipita kwa sababu kurunzi haiui mtu kama pombe haramu na haiangushi jengo kama chuma hafifu, hivyo haipandi katika orodha ya mambo ya dharura. Bidhaa ya thamani ndogo inayonunuliwa na watu wa kipato kidogo huwa haina mtetezi.

Kwamba mtetezi anaweza kupatikana, taa za sola zimedhihirisha. Mwaka 2007 Benki ya Dunia pamoja na shirika lake la IFC zilianzisha mpango wa Lighting Africa, uliofanyiwa majaribio Kenya na Ghana. Mpango huo ulizaa vipimo vya ubora vya taa ndogo za sola, maabara za kuzijaribu na orodha ya zilizofaulu, kazi ambayo tangu 2020 imeendelezwa chini ya jina la VeraSol. Mnunuzi wa taa ya sola ana mahali pa kuanzia. Kurunzi ya mawe ilibaki yatima, pengine kwa kuwa wafadhili waliiona kama kitu cha kupita, kitakachozikwa na sola. Haijazikwa. Utafiti wa Gunther Bensch, Jörg Peters na Maximiliane Sievert, uliochapishwa 2017, ulionyesha kwamba katika sehemu nyingi za mashambani Afrika watu waliacha mafuta ya taa wenyewe, bila mradi wala ruzuku, na wakahamia taa za LED za mawe.

Utafiti huo uliibua pia jambo ambalo halina jibu nchini hadi sasa, nalo ni la mahali yanakoishia mawe yaliyokwisha. Mengi hutupwa shimoni, chooni au kandokando ya boma, ambako watoto huyaokota wakayafanya magurudumu ya magari ya mabati. Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya 2022 inamtaka mwenye kuleta bidhaa sokoni awajibikie taka yake. Katika maduka ya vijijini, hata hivyo, hakuna ndoo ya kurudishia mawe, na mwenye duka akiulizwa hushangaa kwamba kuna anayetaka kuyarudisha.

Aliyefaulu kupata kurunzi nzuri ana kazi mbili zilizosalia. Ikiwa haitatumika kwa majuma kadhaa, mawe yatolewe, kwani yakichoka huvuja kemikali inayotafuna springi na kuiacha na ukungu mweupe, na hapo ndipo kurunzi nyingi nzuri hufia. Ya pili ni kuitengea msumari mmoja kando ya mlango wa chumba cha kulala, kwa kimo ambacho mtoto wa miaka minane anakifikia, na kila mmoja nyumbani akatazwe kuihamisha.